Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mimi ndiye niliyemwambia: njoo Alhamisi.
Sikuwa na lolote na Alhamisi; ilinitoka tu mdomoni
kama kikohozi cha karani aliyekaa miaka kumi na tisa
katika chumba chenye kabati moja na ufunguo mmoja,
na ufunguo wenyewe mfukoni mwangu,
mjini Karaberd, milima ya Armenia,
ambako theluji huwahi kuliko mishahara.

Siranush Melkumyan, mhasibu mstaafu wa kiwanda cha soksi,
alitaka kuona bajeti. Si yote.
Ukurasa wa arobaini na moja:
Boila ya shule, kununua na kufunga.
Mjukuu wake huandika insha akiwa na glavu.
Binti yangu pia. Hilo sikumwambia.

Alikuja Alhamisi.
Nikasema mkuu yuko safarini.
Alikuja Jumatatu. Nikasema muhuri umekwama,
na tangu lini muhuri ukakwama?
Walioujua mlango ule walikuja na chochote:
chupa ya konyaki, aprikoti zilizokaushwa,
maana mkono mtupu haulambwi.
Yeye alikuja na penseli.
Akaandika tarehe. Akaandika jina langu,
herufi kwa herufi, akaniuliza kama amekosea.
Hakuwa amekosea.

Mara ya sita hakuja peke yake.
Alikuja na Hrachik mfuga nyuki,
na wauguzi wawili waliotoka zamu ya usiku,
na Vardges, aliyefukuzwa chamani na kwenye kwaya
kwa ubishi ule ule.
Hawakupiga kelele. Waliuliza baraza linakaa lini,
na kama ni kweli sheria inasema mlango uwe wazi.
Inasema. Mimi ndiye niliyeichapa.

Lakini viti vya wananchi vilikuwa vitatu.
Meya akatabasamu: watatu wakae,
wengine wakalale, kuna baridi.
Wakaenda nyumbani.
Wakarudi na vigoda.
Vigoda vya kukamulia ng'ombe, vya jikoni,
kimoja cha piano, kimefungwa kamba
mgongoni mwa mtoto.
Miguu ya mbao ikagonga ngazi za mawe, ko, ko, ko,
sijawahi kusikia serikali ikibishiwa hodi namna ile.

Ukurasa ukasomwa. Niliusoma mimi,
sauti ikinisaliti kila nilipofika kwenye tarakimu.
Boila imenunuliwa mwaka juzi.
Boila imenunuliwa mwaka jana.
Boila mbili, shule moja, na ndani ya shule
jiko la kuni lenye kiota cha kunguru kwenye bomba.
Kimya.
Kisha Vardges akacheka, na ukumbi ukamfuata,
na mjumbe mmoja akavua miwani, akaifuta,
akaifuta, akaifuta.

Nisikudanganye. Meya bado ni meya.
Kesi iko mkoani, imelala chali.
Boila ilifika Machi, barafu ikiyeyuka,
nayo ni ndogo kuliko ile ya kwenye karatasi.
Siranush na Vardges hawasemezani:
waligombania nani atie sahihi wa kwanza.

Ila kila mwezi kurasa hubandikwa sasa
mlangoni pa duka la mikate,
na watu wakingojea mkate utoke tanuruni
huzisoma kwa utulivu ule
wanaosomea matangazo ya misiba.
Juzi mtu kasahihisha jumla kwa penseli.
Nilirudia hesabu mara tatu, nikitumaini.
Alikuwa sahihi.

Kabati liko wazi. Ufunguo nimeupoteza,
au ndivyo ninavyosema.
Kigoda kimoja kilisahauliwa usiku ule,
chenye mguu mfupi, na hakuna aliyekuja kukidai.
Nimekiweka karibu na bomba la joto kwa atakayekuja,
na chini ya mguu mfupi nimekunja mara nne
ile fomu yetu ya zamani
ya kuomba ruhusa ya kuuliza.